Kochi Lililoziba Mlango

Mume na mke walipanga chumba na sebule Mabibo, Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji wengine na choo cha pamoja uani. Sebule yao ilikuwa na mita 3 kwa mita 2.7, yaani kama futi 10 kwa 9, na mlango wake ndio uliokuwa mlango pekee wa kutokea. Chumba cha kulala kilikuwa nyuma, kwa hiyo kila aliyetoka chumbani kwenda uani alipita sebuleni. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mke aliuza vitambaa Kariakoo. Mama mzazi wa mume aliishi Pangani, na kwa ajili ya presha alitakiwa kuja kliniki mjini kila baada ya miezi mitatu. Safari yake ya kwanza ilipokaribia, wakakata shauri wanunue kochi la kulalia: mchana wageni wakae, usiku mama alale.

Shauri lilikuwa jema. Lilianza kuharibika walipoingia katika habari za rangi. Mke alikuwa mwanachama wa kikoba kilichokutana kwa zamu majumbani, na zamu yake ilikuwa njiani. Alitaka wenzake wakute kochi lenye sura. Mume naye alitamani lile lililofanana na la tajiri mmoja ambaye alikuwa akimtengenezea viyoyozi. Jioni kadhaa zilipita kwa mazungumzo hayo. Kiuno cha mama hakikutajwa, wala magoti yake, wala kwamba moja ya dawa zake humwamsha kwenda haja mara mbili tatu usiku.

Dukani walionyeshwa kochi la kijivu la ngozi ya bandia, lenye fremu ya chuma iliyokunjwa tumboni. Muuzaji alishika utepe, akavuta mara moja, na kitanda cha watu wawili kikatokeza. Katika ukumbi mpana kama ule kila kitu hufunguka. Walikaa, wakabonyeza kwa kiganja, wakasifu. Hakuna aliyelala juu yake. Naelewa kwamba mtu mzima huona haya kuvua viatu na kujinyoosha mbele ya watu asiowajua, lakini kitu kinachouzwa kama kitanda hakijulikani kwa kukaliwa. Walipaswa walale chali, kisha ubavu, dakika kumi kila mmoja, na wafungue na kufunga kwa mikono yao wenyewe, si ya muuzaji mwenye misuli na mazoea. Wakalipa shilingi milioni 1 na laki 2, nusu yake mkopo wa kikoba.

Nyumbani hesabu ilijieleza. Kochi likiwa limefungwa lilitoka sentimita 95 ukutani. Likifunguliwa lilifika mita 2.2. Ukitoa 2.2 kwenye upana wa 2.7 unabakiwa na nusu mita, na kabati la runinga lililokuwa ukuta wa pili lilikwisha kula sentimita 40 za nusu hiyo. Meza ya katikati ililazimika kubebwa chumbani kila usiku na kupandishwa juu ya masanduku. Mlango wa kutokea, uliokuwa ukuta uleule wa runinga na uliofungukia ndani, uligota kwenye ukingo wa kitanda ukaacha upenyo wa kupita kwa ubavu.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, hata wenye futi mkononi. Hupima kochi lililofungwa, wakaridhika kwamba linaenea. Samani inayokunjuka ina vipimo viwili, na kinachoamua ni kile cha usiku. Pima hicho, kisha ongeza nafasi ya mlango kufunguka, nafasi ya mtu kuzunguka, na mahali meza itakapolala. Ukitaka uhakika zaidi, tandika magazeti sakafuni kwa umbo la kitanda kilichofunguka, ufunge na kufungua milango yote usiku mmoja kabla hujatoa pesa.

Na habari ya mlango si ya usumbufu tu. Nyumba zetu nyingi za mjini zina nondo madirishani kwa hofu ya wezi. Ukiwaka moto kutokana na hitilafu ya umeme au mtungi wa gesi, hakuna pa kurukia. Mlango ndio uhai. Kitanda kinachouzuia usifunguke sawasawa hakifai kuwekwa hapo hata kama kingekuwa cha bure, na ningependa kila dalali anayeonyesha chumba amwambie mpangaji hivyo.

Mama alifika na kapu la nazi na samaki wakavu, akapokewa kwa shangwe, akasifu kochi kuliko wote. Usiku godoro lake likajulikana. Lilikuwa la inchi 4, kwa sababu kwenye fremu inayojikunja mara tatu godoro nene haliingii, na chini ya inchi hizo 4 ulipita mwamba wa chuma sawasawa na kiuno. Wanaotengeneza makochi ya namna hii wanaujua mwamba huo. Yaliyo bora huuhamishia panapolala miguu au huweka mikanda ya kunyumbuka badala yake. Ngozi ya bandia nayo, katika joto la Dar es Salaam, ilitoa jasho na kufanya shuka iteleze. Mama alipoamka kwenda haja alijipenyeza mlangoni gizani. Mwanawe alipotoka kwenda uani usiku alipita karibu na miguu ya mama yake aliyelala, na mkwewe akalazimika kupita hapohapo kwa khanga ya kulalia. Watu wenye kustahiana hawakai hivyo kwa raha.

Alfajiri ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Msala haukupata pa kutandikwa mpaka kitanda kifungwe, na kukifunga kulitaka kuinua chuma chenye uzito na kukisukuma kwa goti. Siku ya pili mama alijaribu mwenyewe ili asiwaamshe vijana. Kidole kikabanwa kwenye bawaba. Akakifunga kitambaa na kusema amejikata na mbuzi ya kukunia nazi.

Siku ya nne akaaga, wakati kliniki ilikuwa ya juma lililofuata.

"Mama, mbona mapema hivyo? Umekerwa na nini?" mkwewe aliuliza.

"Sijakerwa, mwanangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe langu liko Pangani."

Miezi mitatu baadaye hakuja. Ya sita hakuja. Walipopiga simu alikuwa na udhuru kila mara: mvua, minazi, mjukuu mgonjwa. Dawa alikuwa akinunua dukani bila kupimwa. Hatimaye dada wa mume ndiye aliyesema lililokuwa rohoni mwa mama: "Wifi, mama anasema kwenu hakuna pa kusali."

Mke alilia, na machozi yake yalikuwa na haki. Kitu walichokinunua ili mama apate matibabu ndicho kilichomtenga na matibabu, na wala kochi lenyewe halikuwa bovu. Lingewekwa kwenye sebule ya mita 5, kwa kijana anayelala juu yake mara mbili kwa mwaka, lisingelaumiwa na mtu.

Vitanda vya kufichwa havikubuniwa kwa ajili ya kupendezesha sebule. Mwaka 1885 huko Chicago, Sarah Goode, mwanamke mweusi aliyekuwa na duka la samani, alipata hataza ya Marekani ya kitanda kilichokunjwa kikawa dawati la kuandikia. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Murphy wa San Francisco, aliyekuwa akiishi katika chumba kimoja, alibuni kitanda cha kuinuliwa kikasimama ukutani. Wote wawili walianza na mtu anayelala mahali padogo, ndipo wakafikiri mchana kitanda kiwe nini. Biashara ya leo imegeuza mpango: huuza sura ya mchana kwanza, usiku ukajitegemee.

Kwetu pwani elimu ya mahali padogo ni ya zamani kuliko hao. Katika nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vikawa virefu na vyembamba. Wenyewe waliacha sakafu ipumue. Zidaka zilizochongwa ukutani zilibeba vyombo. Baraza la mawe lilikalisha wageni mchana, na aliyezidiwa na usingizi alijinyoosha palepale. Mkeka ulikunjwa asubuhi ukasimama pembeni. Baraza halina bawaba, halina utepe wa kuvuta, wala halijawahi kumbana mtu kidole. Nalisifu kwa sababu ndilo lililowaokoa wale mume na mke wa Mabibo, ingawa lilikuja kwa umbo la mbao.

Mke alikwenda Keko, kwenye karakana za samani, akamkuta mzee mmoja akipiga randa.

"Shikamoo, fundi. Nataka kochi la kulalia."

"Marahaba, mwanangu. Atalala nani?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa katika duka lolote. Alipoeleza habari za mama, fundi akataka kujua urefu wake, kama magoti yanauma, kama analala peke yake, kwa siku ngapi, na mlango unafungukia wapi. Ndipo akachora kwa chaki sakafuni: benchi la boksi la upana wa futi 2 na nusu na urefu wa futi 6, kimo cha sentimita 30, na juu yake godoro la kawaida la 2.5 kwa 6 la inchi 6. Jumla unapata sentimita 45 kutoka sakafuni, kimo ambacho mtu mwenye magoti mabovu huinuka bila kushikwa mkono. Kwa kuwa futi 2 na nusu ni kina kirefu mno kwa kukaa, mgongoni aliweka mito minene ya sentimita 25, ili anayekaa abakiwe na nusu mita ya kukalia. Usiku mito inaondolewa, shuka inatandikwa, basi. Hakuna kinachovutwa. Kochi la mchana na kitanda cha usiku vinakaa kwenye sentimita 80 zilezile, mlango unafunguka mpaka mwisho, na mbele yake panabaki sakafu ya msala na zaidi.

Mke aliuliza kwa nini asitengenezewe godoro la kipimo chake maalumu. Fundi akamjibu kwamba godoro litachoka kabla ya mbao, na siku hiyo atataka kuingia duka lolote na kutoka na jingine. Jibu hilo lina thamani kuliko katalogi nzima. Makochi mengi ya kukunjuka hutupwa yakiwa na fremu nzima, kwa sababu magodoro yake hayapatikani popote.

Juu ya sponji fundi alikuwa mkali. Sponji hupimwa kwa kilo katika mita ya ujazo, na ya kulalia mtu mzima isipungue kilo 28 au 30. Ile ya kilo 16 huvimba vizuri dukani, kisha baada ya miezi michache hubaki na shimo la umbo la aliyeilalia. Maandishi ya kwenye kava hayamtoshi fundi huyu; hutumia mizani. Godoro la 2.5 kwa 6 la inchi 6 lenye sponji ya kilo 30 huwa na uzito wa kilo 6 na zaidi kidogo. Likionyesha 3 na nusu, umeuziwa hewa. Anayependa sufi naye hakukatazwa, mradi aianike juani na kukubali kuifumua na kuijaza upya inapogandamana.

Mbao alishauri mninga au mkongo kwa miguu na fremu, na akamwonya dhidi ya mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi, maana sakafu inayopigwa deki kila siku huzivimbisha kuanzia chini. Kitambaa kiwe cha pamba nzito chenye zipu, kivuliwe na kufuliwa, kwa sababu kwenye mishono isiyofunuka ndiko kunguni hufanya makazi. Chini ya benchi aliweka droo mbili za shuka, mito na chandarua, vitu ambavyo vikikosa pao hurundikwa juu ya kochi na kulifanya lisikalike wala lisilalike. Nami naongeza hapa: kabla ya kununua samani yoyote ya nyumba ndogo, uliza vitu vya kulalia vitakaa wapi saa sita mchana.

Benchi liligharimu chini ya nusu ya kochi la kijivu. Wanakikoba wanne walikaa juu yake wakajibana kidogo, wengine wakakaa mkekani, na kikao kikaenda. Mama alikuja tena, na safari hii alirudi Pangani baada ya kumaliza kliniki na kupangiwa tarehe nyingine.

Kochi la kijivu lilibaki chumbani limesimamishwa kwa ubavu hadi dalali alipoleta mnunuzi, kijana aliyekuwa anaoa mwezi uliofuata. Alilikalia, akalibonyeza kwa kiganja, akatoa pesa mfukoni. Mke akazikataa kwanza.

"Chumba chako kina upana gani, kaka? Na mlango unafungukia wapi?"

Kijana hakujua. Dalali alikunja uso, lakini mke alikwishatoa futi kwenye mkoba na kumkabidhi kijana aende akapime. Jioni alirudisha futi, akashukuru, akasema halitaenea. Juma lililofuata alikuja mama mmoja wa Kimara mwenye ukumbi wa mita 6 na watoto wa ndugu wanaolala kwake wakati wa likizo. Aliambiwa habari za mwamba wa chuma, akalala juu yake chali na ubavu mbele ya watu wote, akapunguziwa bei, akalichukua.