Ujamaa na Swali la Nani Aamue

Mali ni kwa ajili ya nani? Ubepari hujibu kwamba mali hufuata faida, na kwamba watu wakiachwa waitafute faida hiyo kila mmoja kwa akili yake, hatimaye jamii nzima itashiba. Jibu hili lina nguvu zake, kwa sababu limejenga viwanda na miji. Lakini humwacha nje mtu asiye na cha kuuza isipokuwa jasho lake, na njaa ya asiye na fedha haihesabiki sokoni. Waliojaribu kufikiria uchumi unaoanza na mtu badala ya faida ni wengi. Katika Afrika Mashariki jaribio kubwa kuliko yote ni Ujamaa wa Tanzania, na linafaa kuchunguzwa kwa sababu lilibeba falsafa kamili na kisha likaipima falsafa hiyo kwa maisha ya mamilioni.

Julius Nyerere, rais wa kwanza wa nchi hiyo, aliweka msingi wa Ujamaa mwaka 1962, katika makala aliyoieleza kuwa ndiyo msingi wa ujamaa wa Kiafrika. Hoja yake kuu haikuwa ya kiuchumi. Ujamaa, alisema, ni moyo au imani: maskini anaweza kuwa na moyo wa kibepari, na mwenye mali anaweza kuwa mjamaa. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni matumizi ya mali, yaani kama inatawala wenzake au inawasaidia. Ardhi aliitoa kabisa katika orodha ya bidhaa. Mtu ana haki ya kuitumia, si ya kuifanya mtaji wa kumkamua jirani. Wala hakuacha mlango wazi kwa wavivu, kwani aliukumbusha umma methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu.

Udhaifu wa hoja hiyo ni namna inavyozipamba jamii za Kiafrika za zamani. Jamii za kale zilikuwa na ukarimu, lakini zilikuwa pia na machifu, watumwa katika baadhi ya sehemu, na wanawake waliolima kutwa na kupika usiku. Nyerere mwenyewe alilirekebisha hilo katika waraka wa ujamaa vijijini wa Septemba 1967, alipotaja kasoro mbili za maisha ya asili: umaskini na hali duni ya mwanamke. Ni sifa ya falsafa hiyo kwamba iliweza kujikosoa kwa maandishi.

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, liligeuza imani hiyo kuwa siasa ya nchi. Mabenki yalitaifishwa siku chache baadaye, yakafuatwa na viwanda na biashara kubwa. Sehemu iliyogusa maadili zaidi ilikuwa masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU, chama tawala, au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalikiri jambo ambalo nadharia nyingi za usawa hulipita kimya: anayegawa keki ya taifa naye ana tumbo.

Hata hivyo, masharti yale yalidhibiti mfuko wa kiongozi tu. Madaraka yake hayakuguswa. Ugomvi wa kweli ulijitokeza huko Ruvuma. Vijana wa TANU walikuwa wameanza kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutokana na mfano wake ukazaliwa Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, uliofikia vijiji zaidi ya 15. Wanakijiji walilima pamoja, wakapanga kazi na mgawo katika mikutano yao wenyewe, wakaendesha kinu cha kusaga na kiwanda cha mbao, na shule ya Litowa iliunganisha masomo na kazi ya shamba. Huo ulikuwa ujamaa kwa maana aliyoiandika Nyerere. Kosa lake, machoni pa viongozi wa mkoa na wa chama, ni kwamba haukuwa unangoja maelekezo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Oktoba 1968, Nyerere alikuwa ameandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwingine, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba hakuna awezaye kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 ikatoka kauli nyingine: kuishi vijijini ni amri, na ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni zikahamisha mamilioni. Katika maeneo mengi watu walipakiwa kwenye malori na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa, wakaacha migomba na mikorosho waliyoipanda.

Watetezi wa operesheni wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Familia zilizotawanyika haziwezi kujengewa shule, zahanati na kisima, na uhuru wa mtu anayekufa kwa ugonjwa unaotibika ni uhuru wa maneno. Ni kweli pia kwamba watoto wengi waliingia darasani kwa mara ya kwanza katika vijiji hivyo. Lakini hoja hiyo inahalalisha huduma, haihalalishi amri. Mkulima anayejua mvua na udongo wa kwao hakuulizwa shamba liwe wapi, na mavuno yakalipa gharama. Kijiji kikabaki na jina la ujamaa huku mkutano wake ukisubiri bwana shamba na katibu wa chama waseme la kufanya.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Tanzania ilithibitisha kuwa uchumi wa utu hauwezekani. Ilithibitisha jambo jembamba zaidi: kuiondoa mali mikononi mwa tajiri na kuiweka mikononi mwa ofisa hakumfanyi mwananchi kuwa mwenye mali. Masharti ya uongozi yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar, na mashirika mengi ya umma yakauzwa. Swali la nani aamue limebaki katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa matumizi mengine, mkutano huo una uwezo wa kukubali au kukataa pale eneo linapokuwa chini ya hekta 250. Likizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo, na waziri ndiye anayeamua.