Chupa ya Cheri Ilisamehe, ya Maharage Haikusamehe

Mwezi Februari 1924, katika mji wa Albany, jimbo la Oregon nchini Marekani, watu 12 wa familia moja walikula maharage machanga ya maganda yaliyohifadhiwa nyumbani kwenye chupa. Wote 12 walikufa. Hakuna aliyewatilia sumu. Sumu ilijizalisha yenyewe ndani ya chupa iliyofungwa barabara, ikakaa humo hadi siku chakula kilipopakuliwa.

Kisa hiki kinamhusu kila anayehifadhi chakula nyumbani, lakini ukianza kukisoma kwenye maharage hutakielewa. Kianzie kwenye cheri. Albany imo katika Bonde la Willamette, na bonde hilo ni nchi ya cheri. Huko, kama katika sehemu nyingi za Marekani, jikoni mlihifadhiwa matunda na mboga kwa chupa zilezile, na matunda yaliwafundisha watu somo lenye nusu ya ukweli: chemsha, funga, weka, hakitaharibika.

Mwaka 1847 Henderson Luelling alisafirisha miche ya matunda ipatayo 700 kwa mikokoteni ya maksai kutoka Iowa hadi Oregon, akaanzisha kitalu katika eneo la Milwaukie. Mwaka 1875, huko huko Milwaukie, mdogo wake Seth akapata aina mpya ya cheri, nene, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Akaiita Bing, jina la msimamizi wa shamba lake aliyetoka China. Hadi leo Bing ni miongoni mwa cheri zinazojulikana zaidi Marekani. Mji wa Salem, jirani ya Albany upande wa kaskazini, ukajipatia sifa ya kuitwa Mji wa Cheri.

Cheri haina subira. Huiva kwa majuma machache tu wakati wa kiangazi, na ikishachumwa huanza kulegea baada ya siku chache. Enzi ambazo nyumba hazikuwa na friji, mwenye mti mmoja uani alikuwa na kazi mbili: kula hadi akinai, na kuhifadhi kilichobaki. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, ambayo John Landis Mason aliipatia hataza mwaka 1858, ndiyo iliyoirahisisha kazi hiyo ya pili.

Kazi yenyewe ilihitaji mikono mingi. Vikonyo vilitolewa, kisha kokwa zikaondolewa kwa kibanio cha nywele: unakichoma pale kikonyo kilipokuwa, unakizungusha kidogo, kokwa inatoka na tunda linabaki zima. Kando yake shira ya sukari ilikuwa inachemka. Cheri ziliingia chupani, shira ikamiminwa hadi karibu na mdomo, chupa zikafungwa na kuzamishwa kwenye maji yanayotokota. Wengine hawakuzichemsha chupa kabisa. Walipika cheri sufuriani, wakazimimina chupani zikiwa za moto, wakafunga, basi.

Katikati ya majira ya baridi, chupa moja ilifunguliwa. Shira yake ilipikwa na wanga wa mahindi hadi ikawa nzito, siagi kidogo ikayeyukia humo, cheri zikarudishwa. Mchanganyiko ule ulimwagwa kwenye unga uliosukumwa, ukafunikwa kwa vipande virefu vya unga vilivyopishanishwa kama ukili wa mkeka, na pai ikaingia oveni. Asiyekuwa na muda wa kusukuma unga alitengeneza kobla: rojo zito la unga, maziwa na siagi likadondoshwa kwa kijiko juu ya cheri, likaokwa mpaka likawa la rangi ya dhahabu. Kwa watu waliokuwa hawajaona tunda bichi kwa miezi mingi, kitindamlo hicho kilikuwa furaha ya kweli. Nani asingeamini chupa iliyomletea furaha hiyo mwaka hadi mwaka?

Ila usalama wa chupa hiyo haukutokana na moto peke yake. Ulitokana zaidi na uchachu wa tunda. Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Cheri kali, zile za kupikia pai, kwa kawaida huwa kwenye 3 na kitu. Cheri tamu huwa karibu na 4. Mpaka wa hatari ni 4.6. Chini ya mpaka huo, bakteria anayesababisha botulismi, ugonjwa uliowaua wale watu wa Albany, aitwaye Clostridium botulinum, hawezi kuchipua na kutengeneza sumu hata kama amejificha chupani.

Kwa hiyo mpishi mzembe wa cheri alipata adhabu nyepesi. Aliona ukungu juu ya shira, au povu, au kifuniko kilichovimba, au alinusa harufu ya pombe. Kosa lake lilijitangaza. Alimwaga chupa, akapoteza sukari na jasho lake, na msimu uliofuata akafanya tena, labda kwa uangalifu zaidi, labda vilevile.

Hapo ndipo nusu ya ukweli ilipogeuka kuwa mtego. Mpishi aliona kwamba amechemsha na chakula hakikumdhuru, akahitimisha kwamba kuchemsha ndiko kulikomlinda. Hakujua kwamba tunda lenyewe lilikuwa mlinzi wake. Maharage yalipokomaa bustanini, alichukua chupa zilezile na sufuria ileile, akayahifadhi kwa imani ileile.

Maharage hayana uchachu wa kutosha kumzuia bakteria huyu. pH yake huwa kati ya 5 na 6. Tena hukua karibu na udongo, na udongoni ndiko yaliko makao ya bakteria huyo. Akibanwa na mazingira magumu, hujifunga katika umbo gumu liitwalo spora. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 huua karibu kila kiumbe chupani, lakini spora hizo zinaweza kuvumilia hata saa kadhaa za kuchemka. Kinachofuata ni kinyume cha alichotarajia mpishi. Moto umewaondoa viumbe wengine ambao wangeshindana na bakteria huyu, na hewa imetolewa chupani. Yeye hustawi pasipo hewa. Chupa imefungwa imara, ina chakula, ina maji, haina uchachu, na imewekwa kwenye joto la kawaida la stoo. Spora huchipua, bakteria huongezeka na kutoa sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kuliko zote tunazozijua. Mara nyingi chakula hakibadiliki rangi wala harufu.

Elimu hii ilikuwapo kabla ya msiba wa Albany. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokwenda kupiga muziki mazishini walikula nyama ya paja la nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi, wakaugua na baadhi yao wakafa. Daktari Émile van Ermengem alimpata bakteria huyu katika nyama hiyo na katika mwili wa marehemu, akachapisha matokeo yake mwaka 1897. Kufikia mwaka 1917, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imeeleza kwamba vyakula visivyo na uchachu vihifadhiwe kwa sufuria ya presha pekee, kwa sababu mvuke uliobanwa ndio unaofika nyuzi 116 hadi 121 na kuziua spora. Hiyo ilikuwa miaka 7 kabla ya Albany.

Elimu iliyochapishwa haifiki kila jiko siku hiyohiyo. Sufuria ya presha iligharimu fedha, na mazoea hayagharimu kitu. Mtu aliyehifadhi chakula miaka mingi bila kuugua huona ushahidi wake mwenyewe una nguvu kuliko karatasi ya serikali. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Chupa moja kati ya mamia ndiyo yenye sumu, na zile zilizotangulia zote zinakushuhudia kwamba huna haja ya kuogopa.

Sumu hiyo hushika neva. Kwa kawaida dalili huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuwahi au kuchelewa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope humlegea, ulimi huwa mzito, kumeza humshinda, kisha udhaifu hushuka mikononi na miguuni hadi misuli ya kupumulia ikasimama. Mara nyingi hana homa na akili yake iko timamu. Leo kuna dawa ya kuikabili sumu na mashine za kupumulia, lakini vyote hivyo hufaa mgonjwa akiwahi hospitali na kueleza alichokula. Yeyote mwenye dalili hizo asisubiri asubuhi.

Tusidhani kisa hiki ni cha Wamarekani wenye stoo za chupa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Kenya, watu walikufa kwa botulismi baada ya kula kumbikumbi waliokaa siku kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki. Kumbikumbi ni chakula cha siku nyingi. Kilichokuwa kigeni ni mfuko ulioziba hewa. Mwaka 2008 nchini Uganda, wanafunzi wa shule moja ya bweni waliugua, na uchunguzi ukahusisha ugonjwa huo na kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Mafuta nayo hufukuza hewa kama kifuniko cha chupa. Basi anayezamisha vitunguu saumu au pilipili mbichi kwenye mafuta na kuviacha kabatini wiki baada ya wiki, ajue kwamba yuko kwenye njia ileile.

Vivyo hivyo kwa matunda yetu. Limau, ukwaju na embe bichi vina uchachu wa kutosha, ndiyo maana achari yake hudumu. Papai na ndizi mbivu kwa kawaida huwa juu ya mpaka wa 4.6, na embe lililoiva linaweza kuuvuka pia kulingana na aina yake. Utamu mdomoni hautoshi kukuambia tunda liko upande gani. Mwenye kutaka kuhifadhi matunda hayo kwenye chupa afuate kipimo cha maji ya limau kilichopimwa na wataalamu; asiyekuwa nacho aweke kwenye friza.

Sasa turudi kwa anayetaka kutengeneza cheri za kizamani nyumbani, hasa ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako tunda hili hupatikana sokoni kila kiangazi. Hakuna haja ya kuliogopa. Osha cheri, toa vikonyo na kokwa. Zichemshe kidogo kwenye shira au maji yake, zijaze chupani zikiwa za moto, acha nafasi kidogo juu, funga kwa kifuniko kipya, kisha zamisha chupa kwenye maji yanayochemka: dakika 15 kwa chupa za karibu nusu lita, dakika 20 kwa za karibu lita moja. Muda huo ni wa maeneo yasiyozidi mita 300 juu ya usawa wa bahari. Nairobi, iliyo karibu na mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na chupa ya nusu lita huhitaji dakika 20. Anayeruka hatua hii eti kwa sababu shira ilishachemka sufuriani, anategemea uchachu umfanyie kazi yake.

Wanga nao usubiri. Wengi hupenda kuhifadhi mchanganyiko wa pai ukiwa tayari mzito, ili siku ya kuoka wamimine tu. Wanga wa kawaida huzuia moto usifike katikati ya chupa, na kuukoroga wakati wa kuoka ni kazi ya dakika chache. Chupa ikifunguka bila ukinzani, ikirusha povu, au kifuniko kikiwa kimevimba, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Itupe mahali ambapo mtoto wala mnyama hatafika. Sumu ya botulismi yenyewe huharibika chakula kikichemshwa dakika 10, tofauti na spora zake, lakini usiutumie ukweli huo kuokoa chupa unayoishuku. Chakula kinachotiliwa shaka thamani yake imekwisha.

Mapishi hurithishwa, na mara nyingi tunachorithi ni vitendo bila sababu zake. Bibi alichemsha, nasi tunachemsha. Bibi alifunga, nasi tunafunga. Kitendo bila sababu hukaa salama mradi mambo yasibadilike. Likibadilika tunda, chombo au mahali, kitendo kilekile huzaa matokeo mengine, na mtendaji hana namna ya kujua. Anayemfundisha binti yake au kijana wake kuhifadhi cheri na amwambie wazi: moto unafanya hiki, uchachu unafanya kile, na palipo na maharage, nyama au mahindi uchachu huo haupo, kwa hiyo tumia presha au usihifadhi. Dakika moja ya maelezo hayo inatosha, na haimpunguzii mtu utamu wa pai yake.