Paka Hakuomba Safari

Hebu tuseme umepewa kazi ya kuandika kitabu cha picha cha watoto. Kisa chenyewe: familia inahama Micheweni kwenda kuishi Unguja, na paka wao yumo safarini. Utamchora vipi?

Vitabu vingi vya namna hii, vya Ulaya na Marekani, vina njia yao. Paka anafungiwa kwenye kijumba cha safari, analia kidogo, anafika, na ukurasa wa mwisho kajikunja juu ya mto, anatabasamu. Mimi tabasamu hilo silitaki. Ni letu sisi tuliomhamisha, si lake.

Paka ni wa nyumba kabla ya kuwa wa mtu. Anajisugua shavu kwenye kizingiti na mguu wa kitanda, anaacha harufu yake, na hiyo ndiyo ramani yake. Mtie ndani ya pakacha, mpandishe gari mpaka Wete, halafu boti, ramani yote imefutika. Hana wa kumweleza kwamba bahari ina mwisho.

Basi aachwe? Wengi ndivyo wasemavyo: panya wapo, jirani atamtupia miba ya samaki. Hoja tamu hiyo, manake haina mzigo wa kubeba! Lakini chuoni tulifundishwa hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tunachokumbuka ni kufungia tu. Hadithi inasema pia kwamba hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Nionavyo mimi, aliamua maisha ya mwenziwe kisha akakataa kazi ya uamuzi huo. Kwa hiyo kumchukua au kumwacha si swali la kwanza. Swali ni nani atakayemwangalia.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2001, baada ya mauaji ya Januari, watu zaidi ya 2,000 walikimbia Pemba wakavuka hadi Shimoni, Kenya. Mtu anayekimbia risasi hasomewi darasa la paka, la hasha. Ila mtoto aliyepakiwa chomboni bila kuulizwa anaijua safari ya paka kuliko mchoraji yeyote. Ukimdanganya kuhusu paka, umemdanganya kuhusu yeye mwenyewe.

Mimi ningechora giza la pakacha na macho mawili, kurasa tatu nzima. Kisha chumba cha Ng'ambo, paka kajificha chini ya kitanda, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sahani ya samaki imesogezwa karibu. Haijaguswa.