Nguchiro na Bibi Aliyekatwa Sikio

Kijana mmoja wa Kahama, mwandishi anayeanza, alinijia na daftari jeupe. "Mzee, hadithi za dhahabu zimekwisha," akalalamika. "Kila nikiandika, mtu anaingia duarani kuchimba akiwa maskini, anatoka tajiri. Asipotoka tajiri, basi hatoki kabisa."

Nikamwambia akasome Mahabharata.

Alidhani namtania. Kitabu cha Wahindi, chenye beti zipatazo laki moja, habari za binamu kupigania ufalme, kinamhusu nini mtoto wa Kisukuma? Alichokijua ni vipande vya ile tamthilia ya televisheni ya B. R. Chopra, iliyoanza kuonyeshwa India mwaka 1988.

Nikamsimulia habari za nguchiro.

Vita vya siku 18 pale Kurukshetra vimekwisha. Yudhishthira, mshindi, amekalia kiti, lakini hazina ni tupu na damu ya ndugu zake haimpi usingizi. Anataka kufanya sadaka kubwa ya farasi ili atakasike. Atapata wapi mali? Mzee Vyasa anamwelekeza kwenye milima ya Himalaya. Huko, mfalme wa zamani aitwaye Marutta aliwagawia makuhani dhahabu nyingi hata wakashindwa kuibeba, wakaiacha. Yeye na ndugu zake wanne, ndio Pandava, wanakwenda, wanaomba kwanza, kisha wanachimba na kupakia wanyama misafara kwa misafara.

Mtu wa Geita akifika hapo atacheka kidogo. Utakaso wa mfalme umetoka kwenye masalio! Nasi masalio tunayajua. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na baadaye neno magwangala likawa siasa: mawe ambayo mwenye mgodi huona dhahabu yake hailipi, na ambayo jirani wa uzio huona ndiyo karo ya mtoto. Na wachimbaji wadogo wa Lwamgasa au Nyarugusu wana marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, unaotafutiwa tena kile kilichoponyoka mara ya kwanza.

Basi, sadaka imefanyika, watu wameshiba, kila mtu anasifu. Anatokea nguchiro, nusu ya mwili wake dhahabu, nusu manyoya ya kawaida. Anawaambia kwamba karamu yao yote haifiki unga wa shayiri wa maskini mmoja. Maskini huyo aliishi kwa kuokota punje zilizobaki mashambani baada ya mavuno. Wakati wa njaa alipata unga kidogo, akaugawa kwa mkewe, mwanawe na mkwewe. Kabla hawajatia mdomoni, mgeni akabisha hodi. Mzee alimpa fungu lake, mgeni hakushiba. Mke akatoa lake, kisha mwana, kisha mkwe. Nguchiro akagaagaa kwenye chembe zilizodondoka, na upande mmoja ukageuka dhahabu. Tangu hapo anazunguka kwenye sadaka za wafalme akitafuta kugeuza upande wa pili. Hapa kwa Yudhishthira amegaagaa, na manyoya yamebaki manyoya.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Kama yule bibi wa Masala Kulangwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuhitaji tena msaada wangu mwingi. Hadithi ya Shing'weng'we kila Msukuma aliyelelewa na bibi yake anayo: zimwi limemeza watu na mifugo, kasoro mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, anakua, analiua zimwi, analipasua tumbo, watu wanatoka wakishangilia. Lakini kisu kimemkata bibi kizee sikio. Bibi hashangilii. Ana hasira, na anamlaani mkombozi wake mwenyewe, mpaka kijana anahangaika kumtafutia dawa.

Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi huyo hana shukrani. Sasa namwona kuwa ndiye aliyeitia hadithi chumvi. Waliokaa kwenye shikome, moto wa jioni, wakiwasimulia vijana wangeweza kumwacha tumboni, shangwe ikawa safi. Hawakumwacha, kama vile wasimulizi wa Mahabharata hawakumfungia nguchiro mlango.

Wapo waandishi waliokwisha kuchota katika Mahabharata. Mahasweta Devi wa Bengali alimchukua mwanamke wa kabila la Nishada, ambaye utenzi unampitia haraka: yeye na wanawe watano walilala katika nyumba ya nta iliyotegwa kuwaunguza Pandava, wakaungua wao, na maadui wakaamini kwamba waliokufa ni Kunti, mama wa Pandava, na wanawe. Kunti alijua. Devi alimrudishia Kunti kosa hilo uzeeni, msituni.

Nami katika nyumba hiyohiyo nina mtu wangu. Pandava waliponaje? Baba yao mdogo, Vidura, alituma mchimbaji. Akachimba handaki kwa siri, akafunika mdomo wake kwa mbao zilizolingana na sakafu, mlinzi asigundue. Jina lake halitajwi. Anaitwa mchimbaji tu. Ukoo mzima wa kifalme umepita katika duara lake, na yeye hana hata jina.

"Matimba ya kuzuia kifusi aliweka?" kijana akauliza. Nilishindwa kujibu. Tukakumbuka Nyangalata, hapo hapo Kahama, mwaka 2015: wanaume walikaa siku 41 chini ya kifusi wakila mende, vyura na mizizi, na watano wakatolewa hai mwezi Novemba. Magazeti yalihesabu siku. Aliyepiga yale matimba yaliyosimama, na aliyepiga yaliyoanguka, hawakuhesabiwa popote.

Aliondoka na daftari lake. Siku tatu baadaye simu ikalia usiku. Hata shikamoo alisahau.

"Mzee, yule mchimbaji alilipwa?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Haya," akasema, na nikasikia kalamu ikiguswa mezani.