Vitabu Vinavyofichwa Nyumbani

Kuna swali ambalo wazazi wengi Wakristo huwa nalo moyoni bila kulisema kwa sauti: je, kitabu kinachosimulia dhambi chafaa kuwekwa katika nyumba yenye watoto? Swali ni la haki, wala hatumcheki mzazi anayejiuliza. Mama anayekuta chini ya godoro la binti yake hadithi ya msichana aliyeharibiwa na wanaume hushtuka, akakichukua kitabu akakitia jikoni, na huenda binti akachapwa siku hiyo hiyo. Lakini sisi tuliojaliwa maradhi ya kusoma kila kilichopigwa chapa, tangu tenzi za Lamu hata riwaya za Warusi, twapenda kulichungua jambo hili polepole kabla moto haujawashwa.

Kanisa lenyewe lilipata kuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, tangu mwaka 1559, zamani za Papa Paulo IV, hata mwaka 1966, zamani za Papa Paulo VI. Hatutaki kuwadharau waliotutangulia. Walijua ya kuwa neno lililoandikwa lina nguvu. Na mtu anayesema kwamba vitabu haviwezi kudhuru, hana budi kukubali pia kwamba haviwezi kusaidia. Walakini mwaka 1864 iliingizwa katika orodha hiyo riwaya ya Victor Hugo wa Ufaransa iitwayo Les Misérables, iliyokuwa imetoka miaka miwili tu kabla yake. Humo mna mwizi wa mkate aliyefungwa miaka 19, na mna Fantine, mama asiye na mume, auzaye nywele zake, meno yake, na mwisho mwili wake, ili mtoto wake apate kula. Lakini mna pia Askofu mmoja mzee aliyeibiwa vyombo vyake vya fedha na mgeni aliyemlaza nyumbani mwake. Askari walipomrudisha mwizi yule, Askofu alisema kwamba vyombo alimpa mwenyewe, kisha akamwongezea na vinara viwili. Mapadre wachache wamepata kuhubiri msamaha kwa namna inayozidi hiyo. (Tulipokuwa seminari kuu, nakala moja isiyo na jalada ilipita mkono kwa mkono hata kurasa za mwisho zikapotea, na wengine wetu iliwabidi wangoje likizo ndipo wajue Jean Valjean alikufaje.)

Basi twaona ya kuwa kitabu hakipimwi kwa kuhesabu dhambi zilizomo. Kama ni hesabu, Kitabu cha Pili cha Samweli kisingesomwa na mtu, kwa maana mfalme Daudi humo huchukua mke wa jirani yake, kisha humwua na jirani mwenyewe. Linalofaa kuulizwa ni hili: kitabu humfanya msomaji amtazame kwa jicho gani yule aliyeanguka?

Tuje kwetu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma seminarini, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Jina lenyewe ni moja ya sifa za Bikira Maria katika Litania, na wengi walichukizwa kuliona juu ya kitabu chenye ulevi, uzinzi, kutoa mimba na kujiua. Shuleni kilipigwa marufuku. Miaka ikapita, kikarudi huko huko shuleni, kikafundishwa na kutahiniwa.

Sisi tumekisoma mara tatu, na kila mara aliyetusumbua zaidi si Rosa bali ni Zakaria, baba yake. Zakaria ni mlevi. Walakini kwa habari ya usafi wa binti yake ni mkali kama simba. Barua ya mvulana inapogunduliwa, humpiga mtoto kipigo cha kikatili. Tangu siku hiyo Rosa huwaogopa wanaume wote, na majirani wangeweza kudhani kwamba fimbo imefanya kazi yake. Lakini anapokwenda mbali kusoma, mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hofu humtoka, na kinga humtoka pamoja nayo, kwa sababu hakupewa kinga nyingine yo yote. Baba hakukaa naye akamweleza mapenzi ni nini, wala mwili wake una thamani gani mbele ya Mungu. Msomaji anayefika kwenye kifo cha Rosa bila kuuona mkono wa Zakaria ndani yake, amesoma kwa haraka mno.

Sasa mzazi na atazame. Akikikuta kitabu hiki chini ya godoro, akakinyang'anya, akamchapa msichana pasipo neno, ametenda jambo lile lile ambalo kitabu kizima kinalilia.

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Rosa kuandikwa, yapata mwaka 1858, Mwana Kupona, mwanamke Mwislamu wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alikuwa mgonjwa, akaona siku zake hazikusalia nyingi. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa kumwachia awe nao maishani. Hatusemi kwamba kila shauri lililomo latufaa sisi leo. Mengine juu ya mke na mume ni ya zamani zake, na wasomaji wa kike watayajadili wenyewe vizuri kuliko sisi. Lakini mama yule aliweka maneno mahali ambapo Zakaria aliweka fimbo. Katika rafu yetu vitabu hivi viwili hukaa pamoja, wala hatujaona vikigombana.

Iko hoja nyingine, nzito kuliko ile ya mama mwenye jiko, nayo ni ya Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake anakumbuka jinsi alivyokuwa kijana huko Afrika ya Kaskazini, akamlilia Dido, malkia wa Karthago katika shairi la Virgili, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi; na huku hakutoa chozi kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe iliyokuwa ikifa mbali na Mungu. Hoja hii huwachoma watu kama sisi. Twawajua wasomaji hodari waliomlilia Fantine usiku, na asubuhi wakamfukuza mtumishi wa nyumbani kwa sababu ameshika mimba. Hatuna dawa ya kuiponya kabisa hali hiyo. Twajua tu ya kuwa machozi ya mtu asomaye peke yake hukauka upesi, bali kitabu kinachosomwa na watu wawili huwalazimu kusemezana. Katika riwaya ya Dostoevsky iliyotoka mwaka 1866, Raskolnikov, ambaye ni mwuaji, amwomba Sonya, binti aliyeuza mwili wake ili kuwalisha wadogo zake wa kambo, amsomee habari za kufufuliwa kwa Lazaro. Chumba ni cha maskini, na mshumaa unakaribia kwisha. Kila mmoja angeweza kuisoma Injili ile peke yake. Lakini mwuaji yule baadaye alirudi kwa Sonya kumkiri aliyoyatenda.

Kwa hiyo twamwambia mzazi akisome kwanza yeye mwenyewe, chote, kisha wakisome pamoja na mtoto aliyefikia umri. Mtoto wa miaka tisa hana haja na Rosa Mistika, nalo halihitaji maelezo marefu. Wala hatusemi kwamba vitabu viovu havipo. Vipo, na vingi vyao havina neno moja la aibu: vile vinavyofundisha kwamba maskini ni mvivu tu, na vile vinavyowafanya watu wa kabila au dini nyingine kuwa kama wanyama. Hivyo havifichwi chini ya godoro, bali huwekwa sebuleni.

Tena kuna kitabu kingine cha Ukerewe. Aniceti Kitereza, katekista, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945: habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto kwa muda mrefu. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wakwe wanamchukua binti yao, naye Myombekere, badala ya kuoa mwingine, anakwenda kuomba arudishiwe mke wake, na kutafuta pombe ya ndizi waliyomdai wakwe. Kinaeleza mambo ya ndoa kwa uwazi wala hakiwadharau wazee walioishi kabla ya Injili kufika. Kitereza alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilipigwa chapa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki tulizopata kuingia hatukukikuta sebuleni, na twadhani hata chini ya godoro hakimo.