Nani Alimuuliza Mtoto?

Mwaka 2000 raia wa Denmark waliulizwa kama wanaitaka yuro. Asilimia 53 wakakataa, na hadi leo wanatumia krone yao. Haya. Lakini mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukaagiza kila mzazi atengewe angalau miezi miwili ya likizo ya kulea, asiyoweza kumwachia mwenzake. Denmark ikatii: tangu Agosti 2022, baba aliyeajiriwa ana wiki 11 zake, asipozichukua, zinapotea. Safari hii hakuna kura ya maoni. Wapo walionung'unika: mambo ya nyumbani kwangu yanaihusu nini Brussels?

Swali hilo silicheki. Ila sarafu waliipigia kura watu watakaoitumia. Likizo ina mtu wa tatu, ana wiki sita, hana kitambulisho wala kura. Tena "familia iamue" mara nyingi maana yake ni abaki nyumbani anayelipwa kidogo, na tunajua ni nani.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili, na bado wapo wanaozichukua kwa aibu, eti wataambiwa wamekaliwa chapati. Wiki mbili mtu anaziruka kimyakimya. Kumi na moja, bosi mwenyewe atauliza mbona uko kazini.