Maumivu ni Adui au Mjumbe?

Katika nchi ya Ugogo, kama katika uwanda wote wa katikati, ziko njia mbili za kuyatazama maumivu. Wazee wetu walifundisha ya kuwa mtu hupimwa kwa kuvumilia. Kijana aliyepelekwa jandoni alitazamiwa asilie, na aliyelia aliwatia jamaa zake aibu. Watu wa siku hizi hawataki kuumwa hata saa moja: kichwa kikianza kugonga, mtoto hutumwa dukani kuleta vidonge, navyo huuzwa karibu na chumvi na viberiti. Twauliza basi: ni nani mwenye haki? Je, kuyakimbia maumivu ni udhaifu, au kuyavumilia ni ujinga?

Hatuwezi kujibu pasipo kujua kwanza maumivu ni kitu gani. Mtu akikanyaga mwiba wa mgunga, hudhani ya kuwa uchungu umo katika wayo. Walakini wayo hupeleka habari tu. Habari hiyo hupita katika mishipa ya fahamu, hupanda kwa uti wa mgongo hata kufika katika ubongo, na huko ndiko inakogeuzwa kuwa maumivu. Tena ubongo waweza kuikuza habari au kuipunguza. Ndiyo maana askari huweza kujeruhiwa vitani asitambue mpaka mapigano yaishe. Ndiyo maana jino huzidi kuuma usiku, wakati ambapo hapana jambo jingine la kufikiri.

Dawa nazo hufanya kazi katika njia ile ile, kila moja mahali pake. Penye jeraha mwili hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huichochea mishipa ya fahamu ipige kelele zaidi. Aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899, huzuia vitu hivyo visitengenezwe, kama alivyoonyesha mtaalamu Mwingereza John Vane mwaka 1971. Diklofenaki na ibuprofeni ni za jamii hiyo. Parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol, hufanya kazi yake hasa katika ubongo na uti wa mgongo. Mofini, yenye nguvu kupita zote hizo, huingia katika milango ya ubongo ambayo mwili umejiwekea kwa ajili ya vitulizo vyake wenyewe. Hizi zote hutuliza habari. Mwiba wenyewe hapana hata moja iwezayo kuung'oa.

Thamani ya habari ile twaweza kujifunza kwa wale walioikosa. Hombolo, upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, pamejulikana siku nyingi kwa kituo cha wenye ukoma. Zamani watu walidhani ya kuwa ukoma wenyewe hula vidole. Tabibu Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore katika India mwaka 1946, alionyesha ya kuwa sivyo: ugonjwa huua mishipa ya fahamu, na mtu asiyesikia maumivu hujiumiza mwenyewe bila kujua. Hushika sufuria ya moto asiiachie. Hutembea kutwa na kijiwe ndani ya kiatu, na jioni wayo una kidonda. Basi maumivu si adui. Ni mlinzi wa nyumba, naye hupiga kelele kwa sababu ameona mwizi.

Hapo twaona kosa la kwanza, yaani kumnyamazisha mlinzi pasipo kutazama nje. Mtu mwenye malaria akimeza parasetamoli, homa yake hushuka, naye husema amepona. Kumbe vijidudu vinaendelea kuzaana katika damu yake. Mwingine humeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, mwaka hata mwaka, mpaka tumbo likapata vidonda na figo zikaharibika. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Siku hizi mtu aweza kuyaficha maradhi hata asiyaone yeye mwenyewe.

Lakini liko kosa la pili, nalo twaliona kuwa kubwa zaidi. Mlinzi akiisha kusikiwa, na mwizi akiisha kujulikana, ya nini kelele kuendelea usiku kucha? Mwenye saratani iliyoenea amekwisha kupata habari yake. Maumivu yake hayamfundishi neno jipya. Katika Uganda, Tabibu Anne Merriman alianzisha kazi ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1993, akiwapa mofini ya maji ya kunywa, dawa isiyo na gharama kubwa. Tangu mwaka 2004 serikali ya huko imewaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuiandika dawa hiyo. Kumwacha mtu wa namna hiyo alie, huku dawa iko, si kumfundisha ushujaa. Ni kumwacha tu.

Kwa nini basi twawaambia wengine wavumilie kwa wepisi namna hii? Wataalamu wa Marekani wamegundua jambo la kutufikirisha. Mwaka 2010 walitangaza ya kuwa watu waliomeza parasetamoli kila siku kwa majuma matatu waliumizwa moyo kidogo kuliko wengine walipodharauliwa, na sehemu za ubongo zihusikazo na uchungu huo zilipoa. Mwaka 2016 wengine wakatangaza ya kuwa wanafunzi waliopewa gramu 1 ya dawa hiyo, yaani vidonge viwili vya kawaida, waliposoma habari za watu walioumia waliuona uchungu wa watu wale kuwa mdogo. Majaribio hayo ni machache, wala hayatoshi kumkataza mtu kidonge chake. Walakini yatuonya ya kuwa uchungu wetu na huruma yetu hukaa karibu katika ubongo. Asiyeumwa hana kipimo cha kumpimia anayeumwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi jibu letu ni hili. Uvumilivu ni sifa njema, ila ni sifa ya yule anayeumwa. Hauwezi kuwa amri ya yule asiyeumwa. Mtu aweza kuuchagua kwa nafsi yake, na wazee wetu walifanya vema kuuheshimu. Lakini mama aliye katika uchungu wa kuzaa, au mtoto aliyevunjika mkono, akituambia ya kuwa anaumwa mno, yatupasa kusadiki neno lake, kwa kuwa maumivu yamo katika ubongo wake wala si katika wetu. Katika Injili ya Marko twasoma ya kuwa Bwana wetu kabla ya kusulibiwa alipewa divai iliyotiwa manemane, asiipokee. Hilo alijichagulia mwenyewe. Hao wagonjwa walioletwa kwake hakuwaamuru wavumilie, aliwaponya.